Siku moja maishani mwangu: mfinyanzi wa Bhaktapur, Nepal, 1976

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kushika udongo napita kwa mungu wetu Ganesh. Hekalu la Jeth Ganesh liko papa hapa uwanjani, na kuhani wake hutoka kwetu sisi wafinyanzi.

Saa 1 asubuhi. Gurudumu ni zito. Nalisukuma kwa fimbo mpaka lishike kasi, kisha nawahi kuinamia bonge la udongo mweusi. Tihar, sikukuu ya taa, imekaribia, kila nyumba itawasha taa, hivyo leo ni taa ndogo za mafuta tu. Kidole gumba kinazama, ukingo unainuka, nabana kidogo pa kulaza utambi, nakata kwa uzi. Inayofuata. Mwanangu anapanga kwenye ubao.

Saa 4. Wali na dengu, ghorofa ya juu kabisa chini ya paa, maana jiko letu sisi Wanewari, wenyeji wa bonde hili, hukaa huko, mbali na macho ya wapita njia. Nakula mbiombio, jua limeshawaka.

Na jua ndilo ugomvi wa mwezi huu. Mpunga umevunwa, kila mwenye shamba anataka kuanika uwanjani, nasi tuna vyungu vibichi. Mama wa jirani katandaza mikeka mpaka kwenye taa zangu.

"Mwanangu, vyungu vyako havijui kusogea?"

"Na mpunga wako je, mama?"

Shemeji akasogeza safu mbili yaishe. Waliofaidi ni kuku.

Saa 8 mchana. Muuza mtindi kafuata vibakuli. Juju dhau, mtindi mtamu wa Bhaktapur, lazima igandishwe kwenye udongo: kibakuli kinanyonya maji, mtindi unabaki mzito. Anataka nipunguze bei, eti nauli. Nikamwambia basi la umeme walilotuletea Wachina mwaka jana ndilo linalompeleka kwa wateja wa Kathmandu. Kanuna, kalipa.

Saa 10 jioni. Kuchoma. Tanuri la matofali hatuna: ni vyungu na mabua kwa tabaka, juu majivu, moto unakula taratibu kwa siku kadhaa. Moshi ukitoboa kwa nguvu, naziba kwa majivu. Wajerumani wanaokarabati mji tangu 1974 wakapita na kamera, wakakohoa, wakaenda zao.

Saa 1 usiku. Barazani wazee wanaimba dapha, nyimbo za ibada. Mume wa yule mama anapiga matoazi. Kati ya wimbo na wimbo tukapatana. Asubuhi uwanja ni wao, kuanzia saa 6 ni wangu. Kuku kila mtu afunge wake.