Siku moja ya katibu wa mashindano: mechi 6, saa kwa saa

Ligi ya soka ya mkoa yenye timu 12, nyumbani na ugenini, ina raundi 22 na mechi 132, yaani mechi 6 kila raundi. Ukisoma katiba ya ligi utadhani katibu wa mashindano anapanga ratiba na kuandika matokeo, basi. Kazi kubwa ni kuhakikisha pointi zinapatikana uwanjani, si mezani. Siku ya raundi huwa hivi.

Saa 11 alfajiri

Kama usiku kulinyesha, simu za kwanza ni za watunza viwanja. Usimuulize mtu kama uwanja "unachezeka", maana mwenyeji mwenye majeruhi wengi atakwambia umejaa maji hata kama ni umande. Uliza vitu vinavyopimika. Mpira ukidondoshwa kutoka usawa wa kiuno, unadunda au unanata? Mistari inaonekana? Ukikanyaga mbele ya goli, maji yanapanda juu ya soli? Omba na picha: kila goli lionekane pamoja na kibendera cha kona. Picha ya dimbwi pekee inaweza kupigwa popote.

Mpaka wa madaraka ujulikane mapema. Kabla wageni hawajaanza safari, anayeahirisha ni ligi. Timu zikishafika, mwenye kauli ni mwamuzi. Kwa hiyo uamuzi wa mvua utoke angalau saa moja kabla gari la wageni halijaondoka. Timu iliyosafiri mara mbili bila kucheza huanza kuja na wachezaji 9.

Saa 1 asubuhi

Waamuzi. Mechi 6 zinataka watu 18: wa kati mmoja na wasaidizi wawili kila kituo. Katika ligi ya ridhaa, kuwapata wote 18 siku moja ni bahati. Wa kati 6 ni lazima. Wasaidizi waliosomea wanapelekwa kwenye mechi za watani wa jadi na za timu zinazofukuzana kwenye msimamo. Kwingine kila klabu inatoa mshika kibendera wake, na mwamuzi anawaambia kabla ya mechi kwamba kazi yao ni mpira uliotoka nje tu, kuotea wamwachie yeye. Asipowaambia, bao la dakika za mwisho litakuja kukataliwa na kijana aliyevaa jezi ya mazoezi ya timu inayoongoza.

Kila mwamuzi anathibitisha mara mbili, jana yake na asubuhi hii. Asiyejibu mpaka saa 2 amehesabiwa hayupo, na nafasi yake anapewa wa akiba. Mwamuzi mmoja hachezeshi timu ileile wiki mbili mfululizo, hata kama ndiye bora mkoani. Hilo nalishikilia hata siku ya shida.

Saa 3 asubuhi

Majina. Hapa ndipo ligi nyingi zinapoharibikia, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote.

Mamluki, yaani wachezaji wasio halali, wako wa aina tatu. Wa kwanza anacheza kwa leseni ya mwenzake. Dawa yake iko uwanjani: kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anasimama na leseni mkononi, anaita namba, mchezaji anajitokeza, sura inalinganishwa na picha mbele ya nahodha wa timu pinzani, kisha nahodha anasaini. Picha iwe imegongwa muhuri uliokanyaga nusu picha na nusu kadi, la sivyo inabanduliwa na kubandikwa nyingine.

Wa pili amesajiliwa timu mbili kwa majina yaliyopangwa tofauti, huku jina la babu limetangulia, kule limeachwa. Ukimtafuta kwa jina humpati. Panga usajili wote kwa tarehe ya kuzaliwa, na zile zinazofanana zitajipanga zenyewe chini kwa chini. Hapohapo angalia waliohama. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu 3 kwa msimu, lakini mechi rasmi anachezea 2 tu. Aliyesajiliwa mara ya mwisho chini ya shirikisho la nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, ridhaa au si ridhaa. Klabu husahau hili kwa sababu "alikuwa anacheza kujifurahisha tu".

Wa tatu ni aliyefungiwa, na huyu mara nyingi si mwizi. Ni hesabu imewachanganya viongozi wake. Mchezaji amepewa nyekundu raundi ya 8. Mechi ya timu yake ya raundi ya 9 imeahirishwa kwa mvua. Je, anakaa nje raundi ya 10, au anasubiri kiporo, yaani ile mechi iliyoahirishwa ya raundi ya 9, kitakapochezwa? Kanuni inayotekelezeka kirahisi ni hii: adhabu inatumikiwa katika mechi rasmi inayofuata kuchezwa, bila kujali namba yake kwenye ratiba. Atakosa raundi ya 10, halafu kiporo atacheza. Wapinzani wa kiporo watalalamika kwamba siku ile ya awali angekuwa jukwaani. Kweli, lakini njia ya pili inakulazimisha kubeba adhabu isiyo na tarehe, na kiporo kikifutwa adhabu inabaki hewani.

Swali hilohilo linamhusu aliyesajiliwa dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu: aruhusiwe kucheza kiporo cha kabla ya usajili wake? Ligi ichague jibu moja na kuliandika kabla ya msimu. Jibu lolote linavumilika, ila lililotolewa baada ya mtu kufunga bao.

Saa 4 orodha ya waliofungiwa inatumwa kwa klabu zote 12, si kwa zile zenye wahusika tu. Hakuna mlinzi kama mpinzani.

Saa 5 asubuhi

Ukaguzi wa uwanja mmoja, kwa zamu, bila taarifa. Mkononi: futi kamba ya mita 50, kamba, mizani ndogo na kipima upepo wa mpira.

Sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90, kwa hiyo ukubwa wa uwanja hauleti kesi. Kesi zinaletwa na alama za ndani. Kosa la kawaida ni eneo la penalti: mita 16.5 zinapimwa kutoka katikati ya goli badala ya kutoka upande wa ndani wa kila mlingoti. Goli lina mita 7.32, ongeza 16.5 kila upande, mstari wa mbele wa eneo la penalti lazima ufike mita 40.32. Nikikuta 33 najua kilichotokea bila kuuliza. Eneo dogo la goli linatoka hivyohivyo: 5.5 kila upande, jumla 18.32. Penalti mita 11, duara la kati nusu kipenyo 9.15, vibendera vya kona visiwe chini ya mita 1.5.

Kona zisizonyooka zinatibiwa kwa kamba: pima mita 6 kwenye mstari wa goli, mita 8 kwenye mstari wa pembeni, na mshazari uwe 10 kamili. Mwenye haraka hutumia 3, 4 na 5, ila kosa la sentimita 3 kwenye pembetatu ndogo linakua likifika upande wa pili wa uwanja.

Mtambaa panya, ule mti wa juu wa goli, upimwe katikati, si pembeni. Wa mbao hupinda, na mita 2.44 za kwenye mlingoti zinaweza kuwa pungufu pale kipa anaporukia. Magoli ya kuhamishika yafungwe ardhini kwa vigingi au mizigo; goli likimwangukia mtoto anayening'inia linaua, na yasiyofungwa hakuna mechi. Chokaa ya mistari isiwe ile isiyozimwa, kwa sababu inaunguza ngozi na macho ya anayeteleza juu yake. Mipira ni mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Iwe 3, maana mmoja utapotea vichakani dakika ambayo timu inayoongoza inatamani upotee.

Saa 8 mchana

Kikao kifupi katika kila kituo: rangi za jezi (makipa wasisahaulike, wanagongana na mwamuzi kila mara), machela, gari la kumtoa majeruhi, nani anakaa kwenye benchi la ufundi. Orodha ya wachezaji inafika kwa kamisaa dakika 60 kabla.

Saa 10 jioni

Filimbi. Saa yenyewe haikuchaguliwa kwa mazoea. Dakika 90, mapumziko yasiyozidi 15, na dakika 8 hivi za kufidia zinafanya 113. Kanuni zetu zinatoa dakika 15 za kumsubiri aliyechelewa. Jumla ni saa 2 na dakika 8, na uwanja hauna taa. Kila anayeomba mechi isogezwe "nusu saa tu" aoneshwe hesabu hiyo.

Timu yenye wachezaji chini ya 7 haianzi, na ikipungua chini ya 7 katikati ya mchezo mechi haiendelei. Hapo kanuni za ligi ziseme wazi: 3-0, au matokeo ya uwanjani kama yalikuwa makubwa zaidi. Usipoandika sehemu hiyo ya pili, timu iliyofungwa 6 itagundua wachezaji wake watano "wameumia" ili tofauti ya mabao ipungue.

IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, inaruhusu ngazi ya chini kutumia wachezaji wa akiba wanaotoka na kurudi, na kumtoa mchezaji kwa muda badala ya kadi ya njano ya kawaida, kwa kibali cha shirikisho la nchi. Kurudi uwanjani kumeokoa mechi nyingi za timu zenye watu 13. Kutoa kwa muda, ambako kwa dakika 90 ni dakika 10 hivi, nakusifu nusu nusu: bila mtu wa pembeni mwenye saa ya pili, mwamuzi anajikuta anahesabu dakika za watu watatu huku akifukuza mpira.

Radi ikisikika, wachezaji wanatoka, na hawarudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, hesabu inaanza upya. Mimi nangoja jumbe tatu tu kutoka kila kituo: imeanza, mapumziko, imekwisha.

Saa 12 jioni

Matokeo yanapokelewa kutoka kwa mwamuzi na timu zote mbili. Idadi ya mabao haigombaniwi sana. Kinachotofautiana ni nani alipewa kadi. Fomu ya mwamuzi ndiyo inayosimama, lakini namba ya jezi isiyolingana na jina iulizwe leo, watu wakiwa bado wanakumbuka.

Msimamo unakaguliwa kabla ya kutangazwa. Jumla ya mabao ya kufunga ilingane na ya kufungwa. Jumla ya tofauti za mabao iwe sifuri. Walioshinda wawe sawa na walioshindwa. Jumla ya pointi iwe 3 kwa kila mechi iliyopata mshindi na 2 kwa kila sare. Hesabu hizo nne zinakamata makosa mengi ya kuandika, isipokuwa matokeo yaliyogeuzwa au yaliyoandikwa kwenye mechi isiyo yake; hayo yanahitaji macho.

Timu zikilingana pointi, mimi nashabikia matokeo ya wao kwa wao kabla ya tofauti ya mabao. Ligi ya ridhaa siku zote ina timu inayokuja na watu 7, na atakayeifunga 11 siku hiyo asipewe ubingwa kwa sababu hiyo. Timu ikijitoa kabla ya nusu ya msimu, matokeo yake yote yanafutwa.

Saa 2 usiku

Ripoti za kadi nyekundu, kisha pingamizi. Nyingi zinarudi zilikotoka usiku huohuo: maamuzi ya mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, ikiwemo bao na matokeo, ni ya mwisho kwa mujibu wa Sheria ya 5 ya soka. Penalti haikatiwi pingamizi. Kinachopokelewa ni uhalali wa mchezaji, au kasoro ya uwanja iliyoandikwa kabla ya filimbi ya kwanza, kwa maandishi, ndani ya muda, pamoja na ada inayorudishwa mlalamikaji akishinda. Asiketi kwenye kamati mtu wa klabu yoyote kati ya hizo mbili, na mlalamikiwa asikilizwe hata kama ushahidi umekamilika. Rufaa iende kwa watu wengine kabisa.

Saa 3 usiku

Viporo. Hesabu ya ratiba haina huruma: kwa timu 12 katika mzunguko mmoja, huwezi kupanga bila kuwa na angalau mara 10 ambapo timu inacheza nyumbani mara mbili mfululizo au ugenini mara mbili mfululizo. Ratiba nzuri inazigawa kwa timu 10, mara moja kila moja, na kuacha mbili zikipishana mwanzo hadi mwisho. Ratiba hiyo pia ina jozi za timu zisizowahi kuwa nyumbani siku moja, na humo ndimo unapoziweka zinazotumia uwanja mmoja. Kiporo kimoja kinatibua yote, kwa hiyo kinatafutiwa siku ya katikati ya wiki, si nafasi ya raundi nyingine.

Hakuna kiporo kinachoruhusiwa kuvuka raundi mbili za mwisho. Hizo zinaanza kwa wakati mmoja viwanja vyote, kama Kombe la Dunia linavyofanya kwa mechi za mwisho za makundi tangu 1986, baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kucheza mwaka 1982 pale Gijón zikijua tayari matokeo yaliyozifaa zote mbili, na Algeria ikatolewa.

Ujumbe wa mwisho unakwenda kwa klabu zote: matokeo, msimamo, kadi zilizoandikwa leo, tarehe za viporo na vituo vya wiki ijayo. Mwenye swali anajibu kwa maandishi kwenye ujumbe huohuo, ili jibu lisomwe na klabu zote 12.