Siku moja kwenye mirihi: kuhesabu okidi ya madoa ya chui Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya

Saa 12 asubuhi. Vifaa: futi ya utepe, darubini, ufito wa mwanzi wa mita 5 wa kufungia kamera, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, umande huifuta. Askari wa msitu anatangulia. Humu mna tembo.

Tunaingia eneo la mirihi (miti, siyo sayari), karibu hekta 7,700 za mchanga mweupe usio na rutuba. Mirihi husimama mbalimbali, jua likafika hadi matawini, na Ansellia africana, okidi tunayoihesabu, hupenda hivyo: mwanga, upepo, na tawi nene lisilobambuka gome.

Saa 1 hadi saa 5. Kazi yenyewe. Tafuta kwenye panda za miti kikapu cha mizizi myeupe iliyochongoka kwenda juu kama sindano. Mizizi hiyo hunasa majani makavu, yakioza mmea unapata chakula. Mti haunyonywi hata kidogo. Kwa kila kichaka andika: aina ya mti, mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, urefu kutoka chini, idadi ya mashina yanayofanana na miwa, machipukizi, na vitumba vya mbegu.

Makosa hutokea kwenye mashina. Lisilo na majani bado ni hai likiwa gumu na la kijani-manjano. La kijivu, lenye mikunjo na jepesi, limekufa. Vichaka viwili vilivyosukana mizizi ni kimoja. Anayehesabu kwa haraka huongeza mimea isiyokuwepo.

Saa 6. Jua la utosini linazima darubini. Chakula.

Saa 8. Tawi limeanguka na kichaka chake. Kikibaki mchangani kitaoza kuanzia mizizini, basi tukiwa na kibali tunakirudisha juu. Ondoa sehemu iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni. Usikigawe. Kiweke kwenye panda ya mrihi ulio hai, mita 3 au zaidi, mashina yakiangalia juu, ukifunge kwa kamba ya katani. Waya hukata mizizi. Katani huoza yenyewe mizizi ikishashika. Na udongo usitie! Mizizi hii ikikosa hewa inakufa.

Saa 10. Kisiki kibichi cha mrihi. Kitumba kimoja cha okidi hubeba maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula; bila kuvu anayezifaa hazioti. Mti mkubwa ukikatwa, okidi zake huanguka nao, na kuotesha miche mingine ya okidi si kazi ya msimu mmoja. Kwa hiyo visiki tunaviandika ukurasa uleule wa okidi.

Saa 12 jioni. Kabla ya kutuma picha yoyote, futa alama ya mahali iliyomo ndani yake: wanaochimba okidi za kuuza nao wanajua kuisoma. Daftari linanakiliwa usiku huuhuu, betri zinachajiwa.