Gramu 100 tu: mlima, ziwa na kamera mbili

Basi lilitushusha mwanzo wa njia ya mlimani, jua halijachomoza. Mimi nilibeba Canon 5D Mark IV, DSLR (kamera yenye kioo kinachopeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia) ya mwaka 2016, na lenzi ya EF 70-200 f/2.8; EF ni aina ya lenzi za DSLR za Canon. Mwenzangu alikuwa na Canon EOS R6, isiyo na kioo, na lenzi za EF alizozifunga kwa adapta. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba tukifika kileleni tubadilishane bodi (kamera bila lenzi), kila mtu abaki na lenzi zake, nami niamue kama wakati wa kuhamia kamera zisizo na kioo umefika.

Kila anayekushawishi uhame huanza na uzito, kwa hiyo tulipopumzika chini ya jabali la kwanza tukapiga hesabu. Bodi ya 5D Mark IV ikiwa na betri na kadi ni gramu 890, ya R6 ni 680. Ila lenzi za EF hazikai kwenye R6 bila adapta, nayo ina gramu 110. Nafuu yote ni gramu 100! Maji niliyokunywa pale jabalini yalikuwa mazito zaidi. Uzito wenyewe umo kwenye lenzi: hiyo 70-200 yangu inakaribia kilo moja na nusu, wakati ya RF, aina iliyotengenezewa kamera zisizo na kioo, ina gramu 1,070. Mgongo utapumzika, sawa, lakini kwa kununua upya karibu kila kitu kilichomo begini.

Adapta ni pete tupu, haina lenzi ndani. Tangu 1987 lenzi ya EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, yaani bamba linalonasa picha, ili kioo kipate nafasi ya kunyanyuka. Kioo kilipoondolewa, RF ya 2018 ikasogea hadi milimita 20. Pete inaziba hizo 24 na kupitisha mawasiliano ya umeme, basi; picha haipotezi kitu. Wenye lenzi za AF-D, za zamani za Nikon zisizo na mota, hawana bahati hiyo, maana adapta yao ya FTZ haina mota ya kuziendesha, hivyo hufokasi kwa mkono.

Kileleni tukabadilishana. Jua lilikuwa nyuma ya kigongo, na bonde lote lilikuwa kivulini. Kwenye DSLR ningepiga, nikague skrini, nirekebishe, nipige tena. Kitundu cha R6 ni skrini ndogo inayoonyesha picha jinsi itakavyotoka; nilizungusha gurudumu la mwanga huku nikichungulia, na bonde likafunguka mbele ya jicho langu kabla sijabonyeza. Hilo nililipenda. Lakini nilimwonea gere mwenzangu, aliyeketi na kamera yangu akichungulia bonde muda wote aliotaka, kwa sababu kitundu cha DSLR huonyesha mwanga wenyewe na hakili betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, 5D Mark IV hupiga picha 900 kwa chaji moja. R6, ukichungulia kwenye kitundu, haifiki nusu ya hizo. Betri zangu za LP-E6N zinaingia kwenye zote mbili, kwa hiyo sikuhangaika.

Tulilala huko juu, kesho yake tukateremka upande wa pili hadi ziwani.

Ziwani ndiko mambo yalikoamuliwa. Boti ilikuwa ikipita polepole kandokando ya matete, na mdiria akasimama hewani akipiga mbawa, kisha akajitupa majini. Kwenye 5D alama 61 za fokasi zimerundikana katikati. Ndege akikimbilia pembeni, umempoteza. Isitoshe, vipimo vya alama hizo viko chini ya kioo, kwa hiyo kioo kikinyanyuka vinapofuka hadi kirudi. R6 hupimia kwenye sensa yenyewe, karibu fremu nzima. Ilimkamata mdiria jichoni ikamfuata kona hadi kona, akiingia majini na akitoka na samaki, na kazi yangu ikabaki kumweka ndani ya fremu. Nilijaribu pia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalosogea, kimya kabisa, lakini sensa husomwa mstari kwa mstari na mbawa zikatoka zimepinda. Nikarudi kwenye shata ya kawaida.

Mwenzangu alianza kudai kamera yake. Nikamwomba anivumilie mpaka gatini.

Nitanunua bodi ya R6 na pete moja, lenzi za EF zibaki zote. 5D siiuzi. Na mwenzetu ambaye kazi yake ni mandhari juu ya tripodi, milima isiyokimbia, sioni kwa nini nimwambie ahame mwaka huu.