Weusi chini ya macho: ninavyopima na ninavyochoma

Fila, yaani jeli inayochomwa chini ya ngozi, hujaza bonde la chini ya jicho, haifuti rangi. Kwa hiyo kabla ya kufungua sindano yoyote, namketisha mteja wima karibu na dirisha na kuzima taa ya dari, maana mwanga wa juu humpa kila mtu kivuli chini ya macho. Kisha namulika tochi kutoka mbele, usawa wa pua. Weusi ukififia, ni kivuli cha bonde, na hapo fila ina kazi. Usipofifia, navuta ngozi taratibu kuelekea shavuni. Rangi ya kahawia inayosogea na ngozi bila kubadilika ni melanini, rangi ya asili ya ngozi. Ikikolea kuwa zambarau au bluu, ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi ya kope, ambayo unene wake ni kama nusu milimita tu.

Kwa ngozi zetu nyeusi, mara nyingi rangi imo, peke yake au pamoja na bonde. Mwenye rangi tupu simchomi fila. Natibu kwanza mzio unaomfanya asugue macho, nampa krimu ya kukinga jua yenye oksidi ya chuma, na namwambia wazi kwamba ni kazi ya miezi. Anayetumia mkorogo lazima auache kwanza. Mwenye mifuko inayovimba asubuhi pia simjazi, kwa sababu jeli huvuta maji na uvimbe utazidi.

Kwa bonde halisi natumia fila laini ya asidi ya hayaluroniki. Marekani, FDA, mamlaka ya dawa ya huko, iliidhinisha fila ya Volbella kwa eneo hili mwaka 2022 na Restylane Eyelight mwaka 2023. Alama za kalamu nazichora akiwa ameketi. Akilala, mafuta ya chini ya jicho husogea na bonde unaloliona si lile lile.

Natoboa tundu moja shavuni, chini ya kona ya nje ya jicho, na kupitisha kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, ya geji 25. Tundu moja hupunguza michubuko, na ngozi nyeusi inaweza kuacha doa kila ilipochomwa. Kidole cha mkono wa pili kinakaa kwenye ukingo wa mfupa wa jicho, ili nijue ncha iko wapi muda wote. Kanula inateleza chini ya msuli hadi niuhisi mfupa. Hapo ndipo ninapoweka jeli, kwa matone, kila moja lisizidi ml 0.05, polepole. Upande mmoja hutosheka na ml 0.2 hadi 0.4. Naacha bonde kidogo makusudi, kwa kuwa jeli itakunywa maji, na tunaangalia tena baada ya wiki 4.

Kosa ninalolisahihisha zaidi ni jeli iliyowekwa juu mno. Mwanga hutawanyika ndani yake na ngozi huonekana ya bluu, mteja anadhani weusi umerudi, anaongezewa jeli, hali inaharibika zaidi. Dawa yake ni hayaluronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha jeli. Kabla ya kuitumia nauliza kama aliwahi kudhurika kwa kuumwa na nyuki, kwani mzio huo huongeza hatari.

Chupa za hayaluronidezi ziwe mezani kabla ya kuanza. Ngozi ikipauka ghafla, ikitokea michoro kama wavu, au maumivu yakizidi, mshipa umeziba: naacha papo hapo na kuyeyusha. Uoni ukififia, hata kidogo, ni dharura ya hospitali ya macho dakika hiyo hiyo. Kanula hupunguza hatari hii, haiiondoi. Asiye na kimeng'enya hiki asiguse eneo la macho.

Ngozi nyembamba yenye mishipa, isiyo na bonde, naifanyia polinyukleotidi, sindano za vipande vya DNA za kuhuisha ngozi: vipindi 3, wiki 2 hadi 3 kati yake. Mabadiliko ni ya taratibu, kwa hiyo picha nazipiga kwenye kiti kile kile, dirisha lile lile, saa ile ile. Mwanga ukibadilika tu, utaona nafuu ambayo haipo.