Mtoto Mchanga Mbele ya Sello

Binti yangu alikuwa na umri wa miezi minane nilipomkalisha juu ya leso, hatua tatu hivi kutoka kwa mpiga sello, ile ala ya nyuzi kama fidla kubwa, katika tamasha la muziki wa klasiki la watoto wachanga kwenye ukumbi wa kanisa hapa Nairobi. Viti vilikuwa vimesogezwa ukutani na mikeka kutandikwa, huku vigari vya watoto vikijipanga mlangoni kama viatu nje ya msikiti. Upinde ulipougusa uzi mnene kuliko zote, aliacha kutafuna pembe ya leso, akainua kichwa, kisha akaweka kiganja sakafuni. Sello husimama juu ya chuma chembamba kinachogusa ubao wa sakafu, na nilipoweka kiganja changu kando ya chake niliusikia mtetemo uliokuwa umemnyamazisha. Spika ya simu haiwezi kumpa mtoto jambo hilo.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka kwenye tamasha la kawaida la jioni. Alilia mara moja, mhudumu akaniinamia na kuniomba nitoke, nami nikayasikiliza yaliyosalia nikiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Iliniuma, kwa sababu kwetu mtoto amesikia muziki tangu zamani akiwa mgongoni mwa mamake, arusini na kanisani, na hakuna anayeshangaa akilia, akilala au akinyonya. Muziki wa klasiki nao unaweza kupokelewa hivyo hivyo.

Wazazi wenzangu huniuliza kama mtoto atakuwa na akili zaidi akisikiliza muziki huu. Imani hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa Marekani, ambapo wanafunzi 36 wa chuo kikuu, wala si watoto wachanga, walisikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa klasiki, kwa dakika 10 na kufanya vizuri kidogo katika maswali ya maumbo, nafuu ambayo haikudumu zaidi ya robo saa. Kinachonigusa mimi ni utafiti mwingine, wa mwaka 2009, ulioonyesha kwamba ubongo wa mtoto aliyezaliwa siku chache tu zilizopita hutambua pigo la ngoma linapokosekana mahali lilipotarajiwa, hata akiwa usingizini. Kwa hiyo tunapomleta ukumbini, tunamleta msikilizaji.

Tamasha la namna hii halihitaji mengi: dakika 40 au 45, vipande vifupi, saa nne asubuhi watoto wakiwa wameshiba, na ala chache zisizopazwa kwa vipaza sauti, maana masikio yao ni mapya. Wapigaji tunao. Kenya Conservatoire of Music imefundisha tangu mwaka 1944, na Ghetto Classics, mradi wa muziki kwa vijana ulioanza mtaani Korogocho mwaka 2008, umelea vijana wanaopiga fidla na tarumbeta kwa ustadi. Ningependa sana kuwasikia vijana kama hao asubuhi ya Jumamosi katika kumbi za mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, kwa kiingilio ambacho mama anayelipa nauli ya matatu mbili anakimudu, kwa kuwa hadi sasa mengi ya matamasha niliyoyaona yamekuwa upande ule mwingine wa jiji.

Kipande cha mwisho kilipoisha, mpiga sello aliilaza ala yake mkekani, akawaruhusu watoto waiguse. Wangu aliegemeza shavu kwenye mbao na kutulia, akingoja, mpaka msanii akakwanyua uzi mmoja kwa kidole.