Vizibo ishirini na pango moja: kuanza Dungeons & Dragons Moshi

Huu ni mchezo wa hadithi wa mezani: kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, msimulizi huendesha kisa, na dadu huamua kama jambo limefaulu. Wengi hukwama kwenye dadu. Mchezo unataka dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na duka la mtaani lina ile ya ludo tu. Chukua vizibo 20 vya soda, viandike 1 hadi 20 kwa ndani kwa maka peni, uvitie kwenye mfuko wa kitambaa. Viwe vya aina moja na visivyopinda, maana kizibo kilichokunjwa na kifungulio vidole hukizoea haraka, na mjanja wa kundi atakuwa anatoa 20 kila zamu. Kilichotolewa kirudi mfukoni kabla ya kutikisa tena. Silaha ikitaka pande 8, toa kizibo; kikizidi 8, kirudishe utoe kingine. Usijumlishe dadu za ludo kufidia: ukirusha mbili, 7 ina njia 6 za kutokea kati ya 36, ila 12 ina njia moja tu, wakati hapa 1 na 20 zinatakiwa kuwa na nafasi sawa.

Sheria ni bure. Januari 2023, Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huu, waliiweka hati ya SRD 5.1 (sheria zake za msingi) chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, hivyo kuitoa kopi stesheneri si wizi. Usitoe yote, utamaliza hela. Kurasa za mpiganaji, mchawi, mwizi na kasisi zinatosha watu wanne. Wa tano ni msimulizi.

Kila mhusika ana Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Gawanya humo 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Wageni huchanganyikiwa hapa: namba inayofanya kazi mezani si 15, ni nyongeza yake. Toa 10, gawa kwa 2, shusha nusu ikibaki. Kwa hiyo 15 ni +2, na 8 ni -1. Mpiganaji mwenye Nguvu 15 huongeza na 2 za ujuzi wa silaha, jumla +4. Akimpiga goblini (mwite kibwengo, kila mtu ataelewa) mwenye kinga 15 (namba ambayo kizibo pamoja na nyongeza lazima vifikie), anahitaji kizibo cha 11 kwenda juu. Yaani nusu kwa nusu.

Sasa angalia upande wa pili. Kibwengo ana uhai 7, na upanga wake hupunguza uhai 3 hadi 8. Mchawi wa kiwango cha kwanza ana uhai 6 na nyongeza ya Ustahimilivu. Pigo moja linaweza kumlaza. Vibwengo wanne dhidi ya wachezaji wanne wapya, kwa hesabu ya mchezo wenyewe, ni pambano la kuua. Anza na wawili.

Kasri za Ulaya achana nazo. Marangu kuna mapango ambayo Wachaga walichimba ardhini kujificha na mifugo yao wakati wa uvamizi. Chora la kwako lenye vyumba vitatu na mlango mwembamba wa kuingia mmoja mmoja. Hapo tu mabishano yameshaanza: nani atangulie? Msimulizi aite "Hadithi hadithi!", wajibu "Hadithi njoo!", na simu ziwekwe chini.

Msimulizi mgeni hudai kizibo kwa kila kitu, hata kufungua mlango usio na komeo. Kitolewe pale tu ambapo kushindwa kutaleta balaa fulani. Na dalili inayoelekeza chumba cha pili isitegemee kizibo kimoja: akitoa 3, mchezo umekufa saa nane na nusu mchana.

Saa tatu zinatosha. Anayerudi Himo asikimbizane na daladala usiku, hivyo simamisheni hata zimwi likiwa mlangoni. Uhai wa kila mmoja uandikwe na msimulizi, kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino. Wiki ijayo wote wataapa walikuwa wazima.