Kucheka na Kulea: Tafakari juu ya Filamu ya The Kid

Masomo: Zaburi 27:10, Kutoka 2:1–10, Yakobo 1:27

Wapendwa katika Bwana,

"Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Mtunga zaburi hasemi Bwana atamkaribisha kwa njia gani. Mara nyingi huwa ni kwa mikono ya mtu ambaye hakujiandaa, hana kitu, na wala mtoto hakumwomba. Mtu wa namna hiyo yumo katika filamu ambayo imepita miaka 100 na bado inawavunja mbavu watoto na kuwaliza wazazi wao: The Kid (yaani Mtoto), ya Charlie Chaplin, mchekeshaji aliyeiongoza na kuigiza ndani yake, iliyotoka mwaka 1921. Haina rangi, haina maneno ya kusikika, ila vibao vichache vya maandishi. Watu wanaipenda mpaka leo, na sababu yake inatuhusu sisi waumini moja kwa moja.

Kwa wasioijua: mwanamke asiye na mume anatoka hospitali ya wahisani akiwa na mwanawe mchanga. Anamwacha ndani ya gari la kifahari, na karatasi inayomwomba atakayemkuta ampende na kumtunza. Wezi wanaiba gari, wanagundua kuna mtoto ndani, wanamtupa kwenye kichochoro penye takataka. Hapo ndipo anapotokea Chaplin, mzururaji mwenye fimbo na kofia.

Angalieni sana anavyompokea, kwa sababu kwanza hampokei. Anamweka kwenye kigari cha mama mmoja aliye na mtoto wake, mama anamkatalia. Anataka kumrudisha pale alipomwokota; askari amesimama anamtazama. Anambambikia mzee apitaye njia na kutimua mbio. Mzee naye anamtia mtoto kwenye kigari kilekile, na yule mama anamshukia Chaplin tena. Mwisho anakaa ukingoni mwa barabara, anafunua mfuniko wa mtaro, anachungulia, anaufunika. Ndipo anapoisoma ile karatasi.

Watoto hucheka hapo, na wacheke. Mtu mzima anajua anachokiona. Upendo wa filamu hii haukuanza na moyo mkunjufu. Ulianza na mtu anayetafuta pa kuutua mzigo. Walezi wengi wa kweli wameanza hivyo, na si haki kuwapamba kana kwamba walizaliwa na mbawa. Hata binti Farao, Kutoka 2 inatuambia alimhurumia mtoto aliyekuwa akilia, lakini habari haikuishia kwenye huruma. Papo hapo panatajwa kunyonyesha na mshahara. Ni nani atamnyonyesha, na kwa malipo ya nani?

Swali hilohilo Chaplin analijibu kwa vitu vya chumba chake cha darini. Mtoto amelazwa kwenye kitambaa kilichofungwa kamba kikaning'inia kama susu. Juu yake limening'inizwa buli la kahawa, mdomo wake umevishwa chuchu ya kunyonyea, nalo linafikiwa na kinywa cha mtoto. Pembeni baba mpya anakata nguo kuukuu kuwa nepi, moja baada ya nyingine. Kisha anachukua kiti cha kukalia, anakitoboa tundu katikati, na kukiweka juu ya chombo cha kutemea mate. Mzazi yeyote anaelewa tundu hilo ni la nini bila kuambiwa.

Hapa ndipo nguvu ya filamu ilipo. Karibu kila kichekesho cha nyumbani humo ni kazi moja ya malezi: kulisha, kuvisha, kusafisha, kuosha masikio, kugawa chakula. Miaka mitano baadaye mtoto, akichezwa na Jackie Coogan, ndiye anayepika. Anarundika chapati za maji, anamwita baba aliyejifunika blanketi bovu. Chaplin anapitisha kichwa kwenye tundu la blanketi, na blanketi linageuka joho. Wanagawana chapati sawasawa, hakuna anayepunjwa. Hakuna anayetamka kwamba anampenda mwenzake. Vichekesho vinavyotegemea maneno ya mtaani huchakaa maneno hayo yakipitwa na wakati. Kichekesho cha kugawana chakula kinaeleweka popote penye sahani.

Yakobo anaposema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, tusilisome kama kupita kusalimia. Kumtazama mtoto ni kujua chuchu imeziba na nepi zimebaki ngapi.

Chaplin aliyajua haya kwa mwili wake. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 7, aliingizwa pamoja na mama yake na kaka yake katika nyumba ya maskini ya Lambeth, London, kisha yeye na kaka yake wakapelekwa shule ya watoto maskini ya Hanwell, mbali na mama. Na Julai 1919 mwanawe wa kwanza alifariki siku 3 tu baada ya kuzaliwa. Muda mfupi baadaye alianza kazi ya filamu hii. Hatuhitaji kumfanya mtakatifu ili tukubali kwamba alipopiga picha ya mtoto akipokonywa, hakuwa anakisia.

Picha hiyo ndiyo moyo wa filamu. Mtoto anaugua. Daktari anauliza kama Chaplin ndiye baba. Anajibu kwamba kivitendo, ndiyo, na kuonyesha ile karatasi. Daktari anasema mtoto anahitaji matunzo yanayostahili. Matunzo hayo yanakuja: gari la kituo cha yatima, na ofisa ambaye hamsemeshi fukara yule uso kwa uso, bali anapitisha maneno kwa msaidizi wake. Mtoto anatupwa nyuma ya gari, mikono imenyooshwa, analia. Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, anarukia gari, anamkumbatia. Karatasi zote zilikuwa upande wa ofisa. Kanisa lenye kamati ya yatima lipaswa kuitazama dakika hiyo zaidi ya mara moja.

Na mama? Msimruke. Chaplin anaweka picha ya Kristo akibeba msalaba karibu na picha ya mwanamke huyo akitoka hospitali, kwa hiyo hatupewi nafasi ya kumrushia jiwe. Baadaye anakuwa mwigizaji maarufu, anagawa vitu kwa watoto wa kichochoro kilekile, na anampa mwanawe kitu cha kuchezea bila kumtambua. "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe," asema Bwana juu ya akina mama katika Isaya 49:15. Mama huyu hakusahau.

Mkitaka kuitazama katika ibada ya nyumbani, angalieni toleo. Filamu ya 1921 ina kama saa moja na dakika 8. Mwaka 1971 Chaplin mwenyewe aliitoa upya na muziki alioutunga, akapunguza baadhi ya picha za mama. Hiyo haifiki saa nzima. Kwa watoto, toleo fupi linatosha. Kwa mjadala wa watu wazima, tafuteni refu. Nakala mbovu zinawafanya watu watembee kama wanakimbizwa, kwa sababu filamu bubu zilipigwa kwa mwendo wa polepole kuliko wa projekta zilizokuja baadaye. Ukiona hivyo, badilisha nakala. Machozi hayatoki kwa mwendo huo. Mteueni mtu mmoja mwenye sauti ya kutulia asome vibao na kuvitafsiri, akae kimya kati ya kibao na kibao. Asisimulie kinachoonekana.

Walio na watoto waliowahi kuhamishwa nyumba au kufiwa wawaambie mapema: kuna mahali mtoto atachukuliwa, na atarudi. Wasishtukizwe. Na suala la madirisha lazima litaulizwa. Mtoto anavunja vioo kwa mawe, kisha Chaplin anapita na vioo mgongoni, fundi aliyetokea kwa bahati njema. Ni udanganyifu, na watoto waambiwe hivyo waziwazi. Waulizwe pia: mwenye nyumba alilipa nini, na nani alimfundisha mtoto? Umaskini unaeleza kosa, haulifuti.

Yaliyompata Jackie baadaye nayo yasemwe. Alizaliwa 1914, na filamu hii ilimfanya nyota akiwa bado mdogo. Alipokuwa mtu mzima alikuta fedha nyingi alizochuma utotoni zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alifungua kesi mwaka 1938, akaambulia sehemu ndogo. Mwaka 1939 jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, na mpaka leo inajulikana kwa jina lake. Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba si watoto wanaopaswa kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto. Inauma kwamba aliyeigiza mtoto anayepiganiwa kwa jasho hakupiganiwa hivyo kwake.

Kwa juma hili, kila kikundi kimtaje mtoto mmoja anayelelewa na asiyemzaa: bibi, shangazi, jirani, kaka mkubwa. Msianze na mchango wa fedha. Nendeni wawili, mkamuulize mlezi mambo manne: nani anapika asubuhi, nani anabaki na mtoto mlezi akiugua, nguo za shule ziko ngapi, na karatasi za mtoto ziko mikononi mwa nani. Hilo la mwisho lisiachwe, kwa sababu mlezi asiye na karatasi hana la kujibu siku gari likifika. Kisha chukueni kazi moja kati ya hizo nne, iwe na jina la mtu na siku yake, na mlete taarifa kwenye kikao kijacho.